Kutengeneza Sanaa kwa Vifaa Chakavu vya Viwandani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua Kifaa hadi Kutunza Kazi Iliyokamilika

Gia iliyong'olewa kwenye mashine iliyokufa ina bei kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu gia hiyo ni uzito tu, na kilo yake hailipwi zaidi ya kilo ya nondo iliyopinda. Kwa fundi ambaye mashine yake ya aina ileile bado inazunguka, ni kipuri ambacho pengine hakitengenezwi tena popote. Kwa mtafiti wa historia ya kiwanda ilikotoka, ni ushahidi. Kwa msanii ni umbo lenye kumbukumbu ndani yake, na kazi ya msanii ni kuamua ni ipi kati ya bei hizo atakayoifuta na ni ipi atakayoiinua, maana hawezi kuzihifadhi zote.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, na msimamo wangu ninautaja mapema kwa kuwa unaongoza kila ushauri ulio humu: kifaa chakavu hakipati thamani mpya kwa kufichwa maisha yake ya kwanza, hukipata pale maisha hayo yanapowekwa mahali pa kuonekana. Anayepaka rangi ya dhahabu juu ya kila kitu angeweza kununua chuma kipya na kujipunguzia taabu.

Hatua ya kwanza: Elewa jinsi thamani inavyopanda na kushuka

Mwanaanthropolojia Michael Thompson alieleza mwaka 1979 kwamba vitu vingi tunavyomiliki ni vya mpito, yaani thamani yake hushuka kadiri miaka inavyopita, ilhali vichache ni vya kudumu na thamani yake hupanda. Katikati ya makundi hayo mawili kuna takataka, vitu visivyo na thamani yoyote na ambavyo hakuna anayevijali, na hapo hasa ndipo kitu cha mpito kinapoweza kuvuka na kuwa cha kudumu, kwa sababu hakuna mtu aliyebaki na sababu ya kuking'ang'ania. Maelezo hayo yanamfaa msanii moja kwa moja, kwani yanaonyesha ni wakati gani wa kuingilia kati: pale matumizi ya kwanza yamekwisha na kabla tanuru halijakimeza kifaa.

Historia ya sanaa inayo mifano iliyo wazi. Mwaka 1914 msanii Mfaransa Marcel Duchamp alinunua mjini Paris kichanja cha chuma cha kukaushia chupa, akakiacha kwenye studio yake alipoondoka kwenda New York mwaka uliofuata, na dada yake Suzanne alipoisafisha studio hiyo alikitupa pamoja na taka nyingine. Leo nakala za kichanja hicho zimo katika makumbusho. Chombo cha kauri cha kukojolea ambacho Duchamp alikipeleka kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917 hakikuonyeshwa hadharani na baadaye kilipotea. Nakala zilizotengenezwa mwaka 1964 kwa idhini yake ndizo tunazoziona sasa, na moja iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za Marekani. Vifaa hivyo vilinunuliwa vikiwa vipya, havikuokotwa, lakini vinathibitisha jambo ambalo kila mwenye kufanya kazi na chuma chakavu anapaswa kulishika: bei haikuwa ndani ya chuma wala ndani ya kauri. Ilitokana na uamuzi, na jina, na mahali, na maandishi yaliyofuata.

Kwa vitendo, kabla ya kukichukua kifaa chochote jiulize bei zake tatu: ingekuwa kiasi gani kwa uzito, kiasi gani kama kipuri, na kiasi gani kama kitu cha historia. Ikiwa bei ya uzito ndiyo kubwa kuliko zote, kifaa hicho kiko tayari kwa mikono yako. Ikiwa bado ni kipuri kizuri, mpe fundi anayekihitaji, kwani hakuna sifa katika kuiua mashine inayoweza kuishi. Na ikiwa ni mashine nzima ya zamani, yenye kibao cha jina la mtengenezaji na namba yake, zungumza na watu wa makumbusho kabla ya kuigusa kwa grainda. Kipande kilichovunjika, au kile ambacho kuna mamia yanayofanana nacho, hakidai tahadhari hiyo.

Hatua ya pili: Pata vifaa kwa njia iliyo wazi

Kiwanda kilichofungwa kina mwenyewe. Rundo la vyuma nyuma ya karakana lina mwenyewe pia, hata kama nyasi zimeota juu yake. Omba ruhusa kwa maandishi, na ukinunua, dai stakabadhi inayotaja kifaa chenyewe badala ya kuandika tu kilo kadhaa za chuma. Epuka kabisa mifuniko ya mashimo ya barabarani, vipande vya reli, nyaya za umeme na alama za barabara, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoibwa sana, na stakabadhi ya mtu aliyeiba haitakulinda.

Kuna jambo la haki ambalo waandishi wa miongozo ya aina hii hulipita haraka. Chuma chakavu ni riziki ya watu wanaokiokota, kukibeba na kukitenganisha, na watu hao wanazijua metali kuliko wasanii wengi. Unapopita kwenye mzigo wao ukachagua vipande vizuri tu, unawaachia mzigo uliopungua thamani. Lipa zaidi ya bei ya uzito, sema waziwazi kwamba unanunua umbo, na ukimpata mtu mwenye jicho zuri mwagize akutafutie. Nami naona ni heshima kumtaja katika maelezo ya kazi, kwa idhini yake, kwa kuwa uchaguzi wa kwanza aliufanya yeye.

Hatua ya tatu: Tambua metali, na tambua sumu

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na usiiruke hata kama umekuwa ukichomelea kwa miaka mingi.

Anza na vitu usivyopaswa kuvikata kamwe. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au kiyeyushi hubaki na mvuke hata likionekana kavu, na cheche moja inatosha kulilipua. Mtungi wa gesi, kompresa ya jokofu, kizimamoto na shokomzoba ya gari huwa na mgandamizo ndani. Springi iliyobanwa inaweza kumvunja mtu mkono. Kapasita kubwa hutunza chaji muda mrefu baada ya umeme kukatwa. Transfoma na kapasita za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mafuta hayo hayaoshwi nyumbani wala kumwagwa ardhini. Asbesto ilitumika katika pedi za breki, gasketi na vifuniko vya mabomba ya moto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu miaka mingi baada ya kuvutwa. Ukiona kitu chenye nyuzinyuzi za kijivu au nyeupe kimezungushiwa bomba la zamani, kiache kilivyo na usikipige brashi.

Kisha tazama kilicho juu ya chuma. Rangi ya tabaka la chini, ya chungwa au nyekundu, kwenye vyuma vya ujenzi na mitambo ya zamani mara nyingi ina risasi, na kuichoma au kuisaga kwa grainda huigeuza kuwa vumbi na moshi unaoingia mwilini. Iondoe ikiwa imeloweshwa, ukiwa umevaa barakoa yenye kichujio cha chembechembe, na taka zake zifungwe. Zinki iliyopakwa kwenye mabati na mabomba huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma cha pua na chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,400 hadi 1,500 hivi, kwa hiyo zinki yote iliyo karibu na kiungo inakuwa mvuke kabla chuma hakijaanza kuyeyuka. Anayeuvuta moshi huo mweupe hupatwa na baridi, homa na maumivu ya viungo saa chache baadaye. Hatari zaidi ni kadimi, ambayo hutokea kama tabaka la rangi ya fedha au ya dhahabu hafifu kwenye boliti na vipuri vya zamani: moshi wake unaweza kuua. Usipokuwa na hakika tabaka hilo ni nini, usilichome. Funga kipande kwa boliti au kwa waya. Chuma kilichosafishwa kwa kiyeyushi chenye klorini, kama baadhi ya dawa za kusafishia breki, kisichomelewe hata kikionekana kimekauka, kwa maana joto na mwanga wa kuchomelea vinaweza kukigeuza kiyeyushi hicho kuwa gesi ya sumu iitwayo fosjini.

Baada ya kuondoa hatari, tambua metali yenyewe. Sumaku hushika chuma cha kawaida na chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, lakini haishiki alumini, shaba, wala aina nyingi za chuma cha pua. Tupa hukwaruza chuma laini kwa urahisi na huteleza juu ya chuma kigumu cha beringi au springi. Cheche za grainda husema zaidi: chuma laini hutoa mistari mirefu ya manjano yenye matawi machache, chuma chenye kaboni nyingi hupasuka katika matawi mengi, na chuma cha kusubu hutoa cheche fupi zenye wekundu. Alumini haitoi cheche, nayo isisagwe kwa jiwe la chuma, kwa sababu hunata kwenye jiwe na kulifanya lipate joto na hata kupasuka. Mahali palipovunjika pia hutoa habari, kwani chuma cha kusubu huvunjika pasipo kupinda na huonyesha chembe za kijivu. Andika matokeo kwa chaki juu ya kila kipande.

Hatua ya nne: Safisha bila kufuta

Kabla ya kuloweka chochote, piga picha za pande zote. Kisha kaa na kifaa kwenye mwanga mzuri. Chukua gia na utazame meno yake kwa karibu: upande mmoja wa kila jino umelika na kung'aa, ukingo wake umekuwa mwembamba, lakini upande wa pili bado una mikwaruzo ya mashine iliyolikata kiwandani. Maana yake mashine hiyo ilizunguka kuelekea upande mmoja maisha yake yote. Tazama na wenzo wa mashine ya kukatia, ambao karibu na ncha pana eneo laini lenye upana wa kiganja, ambako rangi imekwisha na chuma kimepata mng'ao usioweza kuigwa kwa msasa. Alama hizo ndizo thamani utakayoiuza. Dakika kumi za brashi ya waya iliyofungwa kwenye grainda zinatosha kuzimaliza zote.

Kwa hiyo ninatenganisha tabaka tatu. Uchafu, yaani grisi, tope na vumbi, unaondoka wote. Kutu hai, ile ya rangi ya chungwa inayotoka kwa unga ukiigusa, inaondolewa au kutulizwa. Kutu tulivu, ile nyeusi au ya kahawia iliyokolea na kushikamana, pamoja na alama za kazi, hubaki isipokuwa mahali pa kuchomelea.

Grisi hutoka kwa maji ya moto yenye magadi ya kufulia na brashi ngumu. Kutu huloweshwa katika asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita moja ya maji, na kukaguliwa kila baada ya saa chache, maana ikizidi hula chuma chenyewe na kukiacha na rangi ya kijivu isiyo na uhai. Kwa vipande vyenye mapengo mengi, njia ya umeme ni ya upole zaidi: yeyusha kijiko kimoja cha magadi ya kufulia katika kila lita nne za maji ndani ya ndoo ya plastiki, unganisha kifaa na waya hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma cha kawaida na waya chanya, viwili hivyo visigusane. Kipande cha upande chanya kisiwe cha chuma cha pua, kwani hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Kazi hii ifanyike nje, kwa sababu hutoa haidrojeni inayolipuka, na chaja izimwe kabla ya kuingiza mkono. Ukimaliza, suuza, kausha kwa joto papo hapo, na upake mafuta mepesi la sivyo kutu itarudi siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: Panga kabla ya kuunganisha

Tandaza vipande vyote sakafuni na uviache hapo siku kadhaa. Vigeuze. Visimamishe vilivyokuwa vimelala. Vipige picha dhidi ya ukuta mweupe huku mwanga ukitoka nyuma, ili uone kivuli cha umbo bila kuvutwa na rangi wala maandishi. Mkono una haraka ya kuchomelea, na haraka hiyo imeharibu vipande vingi vizuri.

Swali la kuuliza kila kipande ni hili: je, mtazamaji atakiona kifaa na sanamu kwa pamoja? Mwaka 1942 Pablo Picasso aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani wake, na kikatokea kichwa cha fahali. Nguvu ya kazi hiyo ni kwamba kiti hakikuacha kuwa kiti na usukani haukuacha kuwa usukani. Jicho linakwenda na kurudi kati ya mnyama na baiskeli wala halipati pa kutulia. Vipande viwili tu. Ukilinganisha na sanamu nyingi za wanyama zilizojengwa kwa plagi, minyororo na nati mamia kwa mamia, utaona tofauti: katika hizo, mfanano na mnyama umekula kila kitu, na chuma kimekuwa udongo wa kujazia. Ufundi wake unaweza kuwa mkubwa mno, lakini mtazamaji husema "tazama, simba," kisha akaondoka. Nakushauri uanze na vipande vitano au pungufu, na ukatae kuongeza cha sita mpaka umeshindwa kabisa kueleza kwa nini hakihitajiki.

Njia ya pili ni wingi wa kitu kimoja. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, hukusanya vifuniko vya alumini vya chupa za pombe, ambavyo hubondwa, kukunjwa na kufungwa kwa waya wa shaba hadi kuwa mapazia makubwa yanayoning'inia kama kitambaa. Kifuniko kimoja hakina thamani. Maelfu yakiunganishwa kwa mkono hubeba historia ya pombe na biashara iliyozikutanisha Afrika, Ulaya na Amerika, na bado maandishi ya kiwandani yanasomeka ukisogea karibu. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice kwa kazi ya maisha yake. Anayechagua njia hii azingatie kwamba uzuri wake hutegemea kiungo: namna kipande kinavyoshikana na jirani yake ikirudiwa mara elfu ndiyo inayokuwa sura ya kazi, kwa hiyo jaribu viungo vingi kwenye vipande vichache kabla ya kuamua.

Njia ya tatu ni ile ambamo asili ya kifaa ndiyo maana yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha Msumbiji mwaka 1992, silaha zilibaki nyingi mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianzisha mradi wa kuzibadilisha kwa vitu kama majembe, baiskeli na cherehani, na silaha zilizokatwakatwa zikapewa wasanii. Kutokana nazo msanii Kester alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi kilichoundwa kwa vipande vya bunduki, ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Hapo thamani imebadilika mara nyingi: bidhaa ya kiwanda cha silaha, chombo cha kuua, kitu cha kubadilishana na jembe, vipande vya chuma, na hatimaye kiti ambacho hakuna anayekikalia. Ukifanya kazi na vifaa vya namna hiyo, au na masalia ya ajali na maafa, wahusika waulizwe kwanza, na mapambo yawe machache.

Hatua ya sita: Unganisha

Anza na njia zinazoweza kufunguliwa. Boliti, pini, waya na vibano hukuruhusu kubadili mawazo, havichomi alama za kazi, na huunganisha metali ambazo moto hauziunganishi. Chuma na alumini, au chuma na shaba, zikigusana penye unyevu, ile iliyo dhaifu huliwa haraka. Alumini ikifungwa na shaba hudhoofika kuliko ilivyokuwa peke yake. Weka washa za nailoni kati yake na uvike boliti mrija wa plastiki.

Pale kuchomelea kunapohitajika, safisha rangi, zinki na kutu kwa upana wa sentimita tano hivi kuzunguka kiungo, fanya kazi penye hewa inayopita, na ujikinge kwa kinga ya uso, glavu za ngozi, nguo za pamba na barakoa ya moshi. Shika kwanza kwa nukta ndogo, rudi nyuma uangalie, kisha ukamilishe kwa vipande vifupi ukibadilisha pande ili joto lisipinde kazi. Chuma cha kusubu kinadai uangalifu wa pekee: kipashwe joto kwanza, kichomelewe kwa elektrodi za nikeli kwa vipande vya sentimita mbili au tatu, kipigwepigwe polepole kwa nyundo kikiwa bado na moto, halafu kifunikwe kwa mchanga mkavu kipoe kwa saa nyingi. Kikipoa ghafla hupasuka kando ya kiungo, wakati mwingine usiku, baada ya wewe kuondoka. Springi na vyuma vigumu navyo huwa kama kioo karibu na kiungo, kwa hiyo visibebe mzigo. Baada ya kumaliza, baki katika karakana angalau nusu saa ukiangalia moto uliojificha.

Hatua ya saba: Hesabu uzito na uthabiti

Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini gramu 2.7, shaba nyekundu gramu 8.96. Bamba la msingi lenye sentimita 60 kwa 60 na unene wa sentimita 1 lina ujazo wa sentimita za ujazo 3,600, yaani kilo 28 na kidogo. Hesabu ya namna hiyo ifanywe kwa kila kipande kikubwa kabla ya kuchagua msingi, maana ndiyo itakayokuambia kama sakafu, ukuta na wabebaji watauweza mzigo. Inamisha kazi nyuzi 10 kila upande huku mtu akiishikilia: ikiwa haitaki kurudi yenyewe, panua msingi au uongeze uzito chini. Kazi ya kuwekwa mahali pa watu ipitishwe mkono kote kutafuta ncha kali, na hasa kwenye kimo cha macho ya mtoto.

Hatua ya nane: Linda uso

Ndani ya nyumba, nta inatosha. Pasha chuma joto kidogo, paka nta kwa brashi, iache ipoe na uisugue kwa kitambaa. Rangi ya kutu tulivu hukolea na chuma kubaki chuma. Mafuta ya kitani nayo ni mazuri, ila vitambaa vilivyolowa mafuta hayo hupata joto vyenyewe na kuwaka, kwa hiyo vitandazwe nje vikauke au vizamishwe ndani ya maji katika chombo cha bati. Penye kutu isiyotoka, asidi ya taniki huigeuza kuwa tabaka tulivu jeusi lenye ubluu. Sipendekezi vanishi inayong'aa juu ya chuma chenye kutu kitakachokaa nje, kwani unyevu hupenya chini yake na vanishi hubanduka kwa magamba. Kwa kazi ya nje, kilicho muhimu kuliko kipako chochote ni tundu: kila bomba, bakuli na kona inayoshika maji itobolewe mahali pa chini kabisa.

Hatua ya tisa: Andika historia, kisha panga bei

Tengeneza karatasi ya kila kazi: kila kifaa kilikuwa nini, kilitoka wapi, nani alikitoa, kilikuwa katika hali gani, umekifanya nini, na picha za kabla na baada. Mtu anayedhani kwamba karatasi hiyo ni urasimu akumbuke yaliyompata mchongaji Constantin Brancusi: mwaka 1926 sanamu yake ya shaba ya ndege ilipofika New York, forodha ya Marekani haikuikubali kama sanaa na ikaitoza ushuru wa asilimia 40 kama bidhaa ya chuma, na ilichukua hadi mwaka 1928 kwa mahakama kuamua kwamba ni sanaa kweli. Sanamu iliyojengwa kwa pistoni na mabomba inaweza kukumbana na swali hilohilo mpakani, na nyaraka ndizo zitakazojibu.

Bei ya kazi usiijenge juu ya uzito. Jumlisha gharama halisi, yaani ununuzi, usafiri, gesi au umeme, elektrodi na vifaa vya kinga, ongeza saa zako kwa kiwango ambacho fundi stadi angelipwa, halafu ulinganishe na bei za kazi zako zilizokwisha kuuzwa. Mnunuzi akikuambia kwamba vifaa umeviokota bure, mweleze kwa utulivu ulivyovitafuta na ulivyovisafisha, wala usipunguze kwa hoja hiyo, kwa sababu ukikubali kwamba thamani imo katika malighafi umeirudisha kazi yako kwenye mizani ya chuma chakavu.

Hatua ya kumi: Linda kazi isirudi kuwa chuma

Safari ya thamani haina mlango wa kuelekea upande mmoja tu. Desemba 2005 sanamu ya shaba nyeusi ya mchongaji Henry Moore iliyokuwa na thamani ya pauni milioni 3 iliibwa Uingereza, na polisi waliamini kwamba ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa pauni zisizozidi 1,500. Bei ya metali inapopanda, kila kazi ya nje inakuwa rundo la kilo machoni pa mwizi. Kwa sababu hiyo mimi huchagua chuma cha kawaida kwa kazi za nje na kuhifadhi shaba kwa ndani, huifunga misingi kwenye zege kwa boliti zenye vichwa vilivyochomelewa, na huchonga jina na mwaka mahali pasipoonekana, mbali na sahihi ya kawaida.

Andikiana na mnunuzi mambo matatu: nani atakagua viungo na mara ngapi, kama wewe utaitwa kwa matengenezo, na kazi itakwenda wapi ikiwa siku moja haitakiwi tena. Hilo la tatu liwe na sharti kwamba vifaa urudishiwe wewe au warithi wako kwanza kabla ya kupelekwa kwa mnunuzi wa chuma. Ukaguzi wa kazi ya nje uanze baada ya msimu wa kwanza wa mvua, na uanzie kwenye viungo vya chini na ndani ya matundu ya maji, ambako kutu hai hujitokeza kabla haijaonekana popote pengine.